Na Jamshid mmemweka wapi? Barua ya wazi kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mtembeza wageni hapa Mji Mkongwe, kazi ambayo huu ni mwaka wangu wa 22. Nakuandikieni kwa sababu ya swali niliwahi kuulizwa katika Makumbusho ya Kasri, na mpaka leo sijalipatia jibu la kuniridhisha mwenyewe.

Siku hiyo nilikuwa nimeshawapitisha wageni kwa Sayyid Said bin Sultan, nimewaonesha chumba cha Bibi Salme, tumepanda mpaka kwenye vyumba vya Sultani Khalifa bin Harub, penye zile fanicha za fomaika ambazo wageni hushangaa kuzikuta kwa mfalme. Nikasema ninavyosema kila siku: Sultani Khalifa alitawala tangu 1911 mpaka alipofariki mwaka 1960. Halafu nikageuka kuelekea kwenye ngazi, maana hapo ndipo tunapomalizia. Mzee mmoja aliyekuja na wajukuu zake kutoka Maskati hakuondoka. Alikuwa ameegemea fimbo yake kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa Kiunguja kile cha zamani, ambacho siku hizi tunakisikia kwa watu wazima tu: "Haya mwanangu, na Jamshid mmemweka wapi?"

Nikamjibu kwamba Jamshid, Sultani wetu wa mwisho, aliondoka siku ya Mapinduzi ya 1964.

"Kuondoka najua aliondoka," akasema. "Nakuuliza mmemweka wapi."

Wajukuu zake wakawa wananitazama. Nikamtazama na mimi yule mzee, nikaona aibu, kwa sababu alikuwa anauliza jambo la haki kabisa. Amesimama ndani ya nyumba ya wafalme wa Unguja, ameoneshwa kitanda cha mfalme, ameoneshwa meza ya mfalme, na yule wa mwisho, ambaye habari zake ndizo zilizomtoa mzee mwenyewe katika nchi hii, hana hata chumba.

Kabla sijaendelea, naomba nijitambulishe vizuri, maana najua barua ya namna hii ikisomwa watu huanza kuuliza mwandishi ni mjukuu wa nani. Mimi ni mjukuu wa Afro-Shirazi, chama kilichoshika nchi baada ya Mapinduzi. Babu yangu alikuwa hamali bandarini, akibeba magunia ya karafuu mgongoni, na kadi yake ya chama aliihifadhi mpaka anaingia kaburini. Baada ya Mapinduzi alipewa eka tatu, na hizo eka tatu ndizo zilizomsomesha baba yangu. Mimi mwenyewe nimekulia katika majumba ya Michenzani. Nimekula matunda ya Mapinduzi, na kila tarehe 12 Januari naisherehekea kwa moyo mkunjufu. Sitaki usultani urudi. Watumwa waliuzwa Mkunazini mpaka soko likafungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaendelea kisheria mpaka 1897. Hayo huwaeleza wageni kila siku bila kupunguza neno. Na uchaguzi wa Julai 1963, ambao Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura ikaambulia viti 13 kati ya 31, ulikuwa dhulma ambayo babu aliizungumza kama kidonda mpaka uzeeni.

Basi ni mjukuu wa hamali huyo ndiye anayekuombeni mumsimulie Sultani wa mwisho.

Nieleze kwanza ninachotaka kisimuliwe, kwa sababu vijana wangu wawili, wamemaliza skuli wote, niliwauliza na hawakukijua.

Jamshid bin Abdullah alizaliwa hapa Unguja mwaka 1929. Babu yake ni huyo huyo Khalifa bin Harub mwenye fanicha za fomaika. Baba yake, Sayyid Abdullah bin Khalifa, alitawala miaka mitatu tu, mgonjwa, na alipofariki tarehe 1 Julai 1963 mtoto akakaa kwenye kiti. Tarehe 10 Desemba Mwingereza akashusha bendera yake, na nchi ikawa huru chini ya Waziri Mkuu Mohamed Shamte. Bendera mpya ilikuwa nyekundu, na katikati yake duara la kijani lenye karafuu mbili. Tarehe 16 mwezi huo Zanzibar ikapokewa Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 12 Januari 1964, siku chache kabla ya Ramadhani, bohari za silaha za polisi zikavamiwa, Ziwani na Mtoni, na kulipokucha serikali ilikuwa imeanguka. Tangu uhuru mpaka asubuhi hiyo ni siku 33. Mfalme alikuwa na umri wa miaka 34.

Aliondoka kwa meli ya serikali iliyopewa jina la babu yake, Seyyid Khalifa. Meli ikaelekea Mombasa, na Mombasa akakataliwa kuteremka.

Hapo kwenye habari ya Mombasa mimi husimama sana, hata ninapojisimulia mwenyewe. Miezi mitatu tu nyuma, tarehe 8 Oktoba 1963, yalitiwa saini London makubaliano ya kuiachia Kenya Mwambao, ule ukanda wa maili kumi ambao miaka yote ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus mpaka Kenya ilipopata uhuru. Mwezi mmoja baada ya kushushwa, mwenye bendera yupo baharini na familia yake, anauona mji, na hana ruhusa ya kukanyaga gati. Sisemi Kenya ilifanya vibaya. Nchi changa ina hofu zake, na huku kwetu moto ulikuwa unawaka. Ninasema ni jambo la kumkalisha mtu akafikiri. Meli ikageuza ikaja Dar es Salaam, na kutoka huko akapanda ndege kwenda Uingereza.

Uingereza alikaa miaka 56. Alikaa Southsea, katika mji wa Portsmouth, mji wa bandari, katika nyumba ya kawaida kwenye mtaa wa kawaida. Wanawe na ndugu zake waliruhusiwa kuhamia Oman katika miaka ya 1980, yeye alipoomba akakataliwa kwa sababu za usalama, zaidi ya mara moja. Ruhusa ilikuja mwaka 2020, akiwa anaukaribia umri wa miaka 91. Akafariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024, akazikwa huko huko. Babu yake na baba yake wamelala Unguja.

Habari ya kifo chake iliniingilia kwenye simu nikiwa barzani na wenzangu. Mmoja akasema "Inna lillahi." Mwengine akauliza, "Kwani alikuwa hai?" Huyo wa pili ana umri wa miaka 40, amezaliwa na kusoma hapa hapa. Simlaumu hata kidogo.

Waheshimiwa, mnajua kuliko mimi jinsi jina la mtu huyu lilivyotumika. Kila uchaguzi ukikaribia, jukwaani hukosi kumsikia msemaji akipaza sauti kwamba fulani na fulani wanataka kumrudisha Sultani. Nimeyasikia hayo tangu utotoni. Nikiwa mdogo nilimdhani Sultani ni jitu lililojificha karibu, pengine kisiwani Chumbe, linangoja tulale. Kumbe alikuwa mzee aliyestaafu duniani, yupo Portsmouth. Watu wamepigwa kwa jina lake, ndugu wamesusiana mazishi kwa jina lake, na wala hakuna aliyewahi kuambiwa alikuwa nani na alifanya nini. Kama habari zake zingebandikwa ukutani, na tarehe zake na picha zake, nani angeogopeshwa naye?

Sasa amekufa. Hayupo tena wa kurudishwa. Ndiyo maana nimeona niandike sasa.

Nilipoanza kazi hii niliwahi kujaribu. Nilikuwa nikifika kwenye ngazi zile, naongeza dakika mbili tatu juu ya Jamshid na meli na Mombasa. Wageni walikuwa wakilipenda sana neno hilo, na Wazanzibari wa kutoka nje zaidi. Siku moja mkubwa mmoja, sitamtaja wala ofisi yake sitaitaja, akanivuta pembeni akaniambia: "Bwana, wewe malizia kwa Khalifa. Hayo mengine hayana faida." Hakunitisha, alisema kwa upole tu, kama anayemuasa mdogo wake. Nikamtii. Nimemtii miaka yote mpaka yule mzee aliponiuliza. Namkumbuka yule mkubwa kwa wema, na bado nasema alikosea, na mimi nilikosea kumtii.

Maana tazameni tulivyo na uzoefu wa kusimulia wakimbizi wa nyumba ile ile. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka kwa siri mwaka 1866 kwa ajili ya Mjerumani aliyempenda. Aliacha dini, aliacha nchi, nduguze wakamkana; leo ana chumba chake katika Kasri na wageni hulia humo. Au Khalid bin Barghash. Huyu alidai kiti mwaka 1896, Waingereza wakakataa, wakaipiga mizinga nyumba ya mfalme tarehe 27 Agosti, vita vya chini ya saa moja. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Waingereza wakawa wanamvizia: akikanyaga ardhi ya Unguja tu, wamkamate. Wajerumani wakangoja maji ya bamvua. Bahari ilipojaa mpaka kwenye uzio wa bustani ya ubalozi, wakaleta mashua mpaka mlangoni, akaingia moja kwa moja bila kukanyaga mchanga wa nchi, akapelekwa Dar es Salaam. Mwaka 1916 Waingereza wakamkamata huko, wakampeleka visiwa vya mbali, Shelisheli na St Helena, mwisho wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Habari hii naisimulia kila wiki, pale pale kando ya bahari, na hakuna aliyewahi kuniambia haina faida. Kwa nini wa 1866 na wa 1896 wasimuliwe, na wa 1964 anyamaziwe? Najua kwa nini. Kwa sababu wa 1964 wenye damu yake bado wapo, na wenye damu ya waliomwondoa wapo, na ni majirani.

Na hapo naomba niwaambieni habari ya sanduku.

Bibi yangu, mke wa yule hamali, alikuwa na jirani Ng'ambo, mke wa Mmanga, yaani Mwarabu wa Oman, mwenye duka. Wakikopana chumvi, wakilea watoto pamoja. Asubuhi ile ya Januari mwenye duka alitoka nyumbani hakuonekana tena. Mkewe akakaa kwa bibi siku kadhaa, ndani, na wanawe watatu, na babu yangu mwanachama wa Afro-Shirazi akikaa kizingitini usiku. Alipopata njia ya kuondoka, alimwachia bibi sanduku la Kizanzibari, lile la msaji lenye misumari ya shaba, na funguo. Bibi hakulifungua. Tulipohamia Michenzani tulihama nalo, ghorofani huko, wanaume wanne wakalipandisha ngazi kwa matusi. Sisi watoto tulikatazwa kulikalia. Kila Ijumaa akilifuta vumbi, na misumari akiisugua kwa ndimu. Ukimuuliza la nani, anasema "amana ya watu."

Mwaka mmoja akaja kijana kutoka Oman, anauliza uliza mitaani jina la bibi. Mjukuu wa yule jirani. Bibi hakuwa anaona vizuri tena. Alimpapasa uso, akampa funguo. Ndani mlikuwa na msahafu, kanga mbili jozi, mizani ya dukani na picha ya harusi. Kijana akalia kwa mizani, sijui kwa nini kwa mizani. Bibi akamwambia, "Mwambie bibi yako nilikuwa nafuta vumbi." Bibi yake alikuwa ameshafariki. Kijana hakumwambia hivyo. Alisema, "Nitamwambia."

Wapo wengi walioondoka mwaka ule na miaka iliyofuata, na wapo wengi ambao hawakuwahi kuondoka kwa sababu waliuawa. Mfalme alikuwa mmoja tu wa waliokwenda uhamishoni, na pengine mwenye nafuu kuliko wengi. Lakini ndiye anayejulikana jina. Mkimpa yeye nafasi ya kusimuliwa, mlango umefunguka kwa mwenye duka na mkewe, na kwa babu yangu aliyekaa kizingitini, ambaye naye hakuna makumbusho yaliyomsimulia. Babu aliyapenda Mapinduzi na akamlinda jirani usiku huo huo. Mtoto wa skuli anayejifunza Mapinduzi bila ya kizingiti kile anajifunza nusu.

Mtaniambia kuwa nchi ina umoja wake wa kulinda. Ni kweli, na nimeona jinsi ulivyogharimu. Maridhiano ya 2009 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa baada yake vilitupumzisha wengi. Hata hivyo tazameni majirani. Waganda waliurudisha mwili wa mfalme wao, Kabaka Mutesa, kutoka London mwaka 1971, akazikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme. Hao baadaye waliwarudisha na wafalme wenyewe, basi tuwaache. Tazameni Rwanda, nchi iliyopita kwenye moto mkubwa kuliko wetu. Mfalme wao wa mwisho, Kigeli wa Tano, alitoka nchini mwaka 1961, akaishi Dar es Salaam, Kampala na Nairobi, mwisho Marekani, na huko akafa Oktoba 2016. Januari 2017 akazikwa kwao, Mwima, karibu na kaburi la kaka yake. Rwanda ni jamhuri mpaka leo, na kule Nyanza nyumba ya wafalme ni makumbusho ambayo watoto wa skuli hupelekwa.

Mimi siombi kaburi lihamishwe. Mtu amezikwa kwa heshima, na walio wake wako naye. Ninachoomba ni kidogo. Katika Kasri, baada ya vyumba vya Khalifa, pawe na chumba kimoja, hata ukuta mmoja, wa miaka 1960 mpaka 1964 na yaliyofuata. Paandikwe Kiswahili kwanza. Pawe na bendera ile ya karafuu mbili, na matokeo ya uchaguzi wa Julai kwa kura na kwa viti, ili mtu aone kwa nini watu walichoka. Paelezwe Seyyid Khalifa na Mombasa, Southsea, na Maskati 2024. Na wasisahaulike waliokufa, wa kila upande, kwa heshima, bila ya kushindana upande gani ulifiwa na wengi zaidi. Mzee Karume ana kaburi lake Kisiwandui na kila tarehe 7 Aprili tunamsomea dua. Hakuna atakayepungukiwa na chochote kwa ukuta huo.

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Elimu, watoto wafundishwe siku zile 33. Wajue 10 Desemba ni siku gani, hata kama nchi haiisherehekei, na wapewe sababu za kutoisherehekea. Watoto wakielezwa huelewa. Wasipoelezwa husoma simuni, na huko kila mtu anaandika kwa hasira yake.

Lakini linaloniharakisha kuliko yote ni wazee. Aliyekuwa na miaka 20 usiku wa Ziwani leo amevuka 80. Yule mzee wa fimbo sijamuona tena. Watumwe vijana kutoka Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na vinasa sauti, wende Kikwajuni, wende Makunduchi, wende Wete, na wende Maskati pia, ambako Kiswahili kinasemwa majumbani. Wawasikilize waliobeba mapanga na waliokimbia mapanga. Wasiwakatize. Fedha za safari hazizidi za kuikarabati Beit al-Ajaib, jengo lililoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likaua watu wawili, na ambalo Oman hiyo hiyo imejitolea kutusaidia kulisimamisha. Mawe tunayaokoa kwa pamoja. Sauti za watu nazo zinaporomoka, bila ya kishindo.

Nina daftari moja, la kurasa 200, ambalo niliandika maneno ya babu na bibi kabla hawajafariki, na ya wazee wengine saba wa mitaa yetu. Ndani mna mambo ya kuwapendeza na ya kuwachukiza. Sijalichapisha na sijampa mtu. Nipo tayari kulileta Kilimani kwa mkono wangu, bure, siku yoyote mtakayoniambia pana kabati lililotengwa kwa ajili yake. Na siku ukuta huo ukiwekwa, niruhusuni nipitishe kundi la kwanza, nisishuke ngazi kwa Khalifa.

Wenu mtiifu,
Mtembeza wageni, Mji Mkongwe, Unguja